Tarehe 7 Aprili: Je, Siku Ina Hatia?



Kila mwaka Aprili inapokaribia, katika makundi yetu ya WhatsApp hupita ujumbe wa aina moja. Huorodhesha mambo yaliyowahi kutokea tarehe 7 Aprili, kisha humalizia kwa swali: "Mnaona? Tarehe hii ina siri gani?" Wapo wanaojibu kwa subhanallah, na wapo wanaoandika kwamba mwezi huu una nuksi. Nami nimeona swali hilo lijibiwe kwa utulivu, kwa sababu kwetu Gitambi, wilaya ya Rusizi, eneo ambalo wazee bado wanaliita Cyangugu, tarehe hiyo si fumbo la kupitishia wakati. Ni siku ambayo nchi nzima huanza kuomboleza. Anayesema kwamba siku ina siri, anasema jambo kuhusu waliouawa na waliowaua, hata kama hakukusudia.

Tuanze na orodha yenyewe, maana mengi yaliyomo ni kweli. Tarehe 7 Aprili 1948 katiba ya Shirika la Afya Duniani ilianza kutumika, na tangu 1950 siku hiyo huadhimishwa kuwa Siku ya Afya Duniani. Tarehe 7 Aprili 1971 Josina Machel, mpiganaji wa FRELIMO, alifariki dunia Dar es Salaam kwa maradhi akiwa na umri wa miaka 25, na Msumbiji imeifanya kuwa siku ya wanawake wake. Mwaka mmoja baadaye, tarehe hiyo hiyo, Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, aliuawa kwa risasi katika makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi, Kisiwandui, Unguja. Hadi leo Tanzania hupumzika kazi siku hiyo kwa ajili ya kumkumbuka.

Kisha 1994. Jioni ya tarehe 6 Aprili, ndege iliyowabeba Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, ikirudi kutoka kwenye mkutano wa viongozi uliofanyika Dar es Salaam, ilitunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Kesho yake Watanzania waliamka katika siku ya kumbukumbu ya kifo cha Karume. Sisi, yaani wazazi wetu, waliamkia vizuizi barabarani. Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana aliuawa siku hiyo, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Kwa hesabu ya taifa letu, katika muda wa siku mia moja hivi waliuawa watu zaidi ya 1,000,000.

Ukiyaweka mambo haya kwenye mstari mmoja, moyo hushtuka. Dar es Salaam inatokea mara mbili, vifo vinafuatana. Akili ya mwanadamu imeumbwa kutafuta uhusiano, na hilo si aibu. Lakini kabla ya kusema kuna siri, tuulize: matukio hukutanaje katika tarehe moja?

Njia tatu za kukutana

Naona kuna njia tatu, na kuzichanganya ndiko kunakotupoteza.

Njia ya kwanza ni sababu moja kuzaa matukio mawili. Rwanda na Burundi zilipata uhuru tarehe moja, 1 Julai 1962. Hapo hakuna cha kushangaza: nchi zote mbili zilikuwa chini ya udhamini mmoja uliosimamiwa na Ubelgiji, na Umoja wa Mataifa uliufunga udhamini huo kwa pamoja.

Njia ya pili ni watu kuchagua. Chama Cha Mapinduzi kilizaliwa tarehe 5 Februari 1977. Afro-Shirazi nacho kilikuwa kimeundwa tarehe 5 Februari 1957. Haikuwa bahati, tarehe ilichaguliwa makusudi, ili mtoto azaliwe siku aliyozaliwa mzazi.

Njia ya tatu ni kukutana tu, bila sababu tunayoiona. Mwaka una siku 365, na mambo makubwa ya ulimwengu ni maelfu kwa maelfu. Lazima yarundikane. Waliosoma hesabu za uwezekano wanajua kwamba katika darasa la wanafunzi 23 tu, uwezekano wa wawili kuzaliwa tarehe moja tayari umepita nusu. Chagua tarehe yoyote, tuseme 12 Machi au 3 Oktoba, ukae maktaba kwa saa moja, nawe utaondoka na orodha ya kutisha. Josina Machel, Mzee Karume na waliouawa Rwanda wamekutana kwa njia hii ya tatu.

Kuna jambo jingine ambalo sisi Waislamu tunalijua kuliko wengi. "Tarehe moja" ni moja kwa kalenda ipi? Tarehe 7 Aprili 1994 ilikuwa katika siku za mwisho za Shawwal 1414. Mwaka 2023 tarehe hiyo ilikuwa Ijumaa ya Ramadhani, na kwa majirani zetu Wakristo ilikuwa Ijumaa Kuu. Mwaka 2024, kumbukumbu ya miaka 30, iliangukia kumi la mwisho la Ramadhani, katika masiku tunayoutafuta usiku wa Laylatul Qadr. Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa takriban siku 11, kwa hiyo tarehe ya Miladia huzunguka miezi yote ya Hijria. Kama siku ile ingekuwa na nguvu iliyojificha ndani yake, nguvu hiyo ingefuata kalenda ya nani?

Hata kalenda yetu ilianzishwa kwa mashauriano. Sayyidna Umar (r.a.) alipoona barua za dola hazina mwaka, aliwakusanya masahaba. Yakatajwa mapendekezo kadhaa ya mahali pa kuanzia hesabu, na rai ikaishia kwenye Hijra. Mwenyezi Mungu ndiye aliyeliweka jua na mwezi ili tujue idadi ya miaka, kama tunavyosoma katika Suratu Yunus. Lakini ni watu waliokaa wakaamua tuhesabu kuanzia wapi, nao waliamua kwa kutazama jambo lenye maana kwao. Tarehe ni makubaliano ya kukumbuka.

Siku jua lilipopatwa

Mtu anaweza kunijibu: "Ndugu, hakuna linalotokea nje ya kadari. Kama Mwenyezi Mungu amepanga matukio haya yakutane, huenda kuna ujumbe." Hoja hii ina uzito. Ndiyo, kila kitu ni kwa kadari yake. Lakini kuamini kadari ni jambo moja, na kudai kwamba umeisoma ni jambo jingine.

Hakuna mfano bora kuliko ule wa Ibrahim, mtoto wa Mtume wetu (s.a.w.). Alifariki akiwa mchanga, na siku hiyo hiyo jua likapatwa. Fikirini: mtoto wa Mtume wa mwisho anafariki, na mchana unakuwa giza. Kama kuna matukio mawili ambayo mtu angeruhusiwa kuyaunganisha, ni haya. Watu wa Madina waliyaunganisha, wakasema jua limepatwa kwa ajili ya Ibrahim. Mtume, akiwa na msiba moyoni, aliwakatalia. Aliwafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa sababu ya kufa wala kuzaliwa kwa mtu yeyote. Akawaswalisha, akawaamrisha dua na sadaka mpaka hali iondoke.

Kunyamaza tu kungetosha kumpa utukufu machoni pa watu, lakini hakunyamaza. Tena hakuwaacha mikono mitupu: aliwatoa kwenye kutafsiri, akawapeleka kwenye kutenda.

Aliwaondolea pia itikadi za nuksi. Waarabu wa Jahiliya waliuogopa mwezi wa Safar, na waliona ndoa ya Shawwal haina heri. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akiwakumbusha watu kwamba yeye aliolewa na Mtume katika Shawwal na akaingia nyumbani kwake katika Shawwal. Nakumbusha hili kwa sababu mauaji ya kwetu, kwa hesabu ya Hijria, yalianza katika Shawwal. Mwezi ule ule. Nani atathubutu kusema kwamba mwezi wa harusi ya Mama wa Waumini una nuksi?

Si kwamba Uislamu unaziona siku zote kuwa sawa. Tuna Ijumaa, tuna Arafa, na Mtume alifunga Jumatatu akitaja kwamba ndiyo siku aliyozaliwa na kuteremshiwa wahyi. Lakini siku bora zimetajwa ili zituite kwenye ibada. Hakuna siku iliyotajwa kwamba inamsukuma mtu kuua. Mzee Karume aliuawa siku ya Ijumaa. Tarehe 29 Aprili 1994, ambayo nitaieleza hivi punde, ilikuwa Ijumaa pia. Ikiwa siku bora ya wiki haikuuzuia mkono wa muuaji, basi vipi tuamini kwamba kuna siku mbaya inayousukuma?

Kwa nini saba na si sita

Hapa ndipo jambo linapokuwa zito. Mwenye kusema "Aprili ina nuksi" anadhani anaomboleza. Kwa kweli anawapunguzia watu mzigo wao. Kama siku ndiyo yenye hatia, basi mwenye panga alikuwa chombo tu, na aliyepanga orodha za majina alikuwa karani wa majaaliwa.

Rwanda ingeweza kuweka kumbukumbu yake tarehe 6 Aprili, usiku wa ndege. Haikufanya hivyo. Imeiweka tarehe 7, na Umoja wa Mataifa nao unaitambua tarehe hiyo kuwa siku ya kimataifa ya kuyatafakari mauaji hayo. Kati ya sita na saba kuna saa chache tu, lakini maana zake ziko mbalimbali. Anayeanza na sita anaelekea kusema: ndege ilianguka, kisha watu wakachafukwa na roho. Anayeanza na saba anasema: watu waliwinda watu, kwa maandalizi, kwa amri, nyumba kwa nyumba. Silaha zilikuwa zimegawiwa, vijana walikuwa wamefunzwa, na redio ya RTLM ilikuwa inatangaza chuki tangu 1993.

Na hatia ina majina, yakiwemo majina ya upande wetu huu. Tarehe 29 Aprili 1994 wakimbizi wa Kitutsi waliuawa katika parokia ya Shangi, na tarehe 30 Aprili katika parokia ya Mibirizi, hapa hapa katika eneo la Cyangugu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimtia hatiani Yussuf Munyakazi, mkulima tajiri wa Bugarama, kwa kuwaongoza washambuliaji siku zote mbili. Hukumu ilitolewa mwaka 2010: kifungo cha miaka 25. Jina lake ni la nabii aliyetupwa kisimani na ndugu zake, kisha akawasamehe.

Tunapenda kusema, na ni kweli, kwamba mwaka 1994 Waislamu wengi wa Rwanda waliwaficha wanaowindwa, majumbani na misikitini, na kwamba baadhi yao waliuawa kwa sababu hiyo. Ni heshima kubwa, na wanaostahili heshima hiyo ni wale waliofungua milango. Haiwezi kurithiwa na mimi niliyezaliwa baadaye kwa kuwa tu naswali msikiti mmoja na wajukuu zao. Anayeichukua sifa ya 1994 kama mali ya jumuiya, akiambiwa habari za Bugarama hana pa kujificha. Lakini aliyejifunza kwamba matendo yana wenyewe ataweza kusikia habari zote mbili, ya mlango uliofunguliwa na ya panga lililoinuliwa, bila kuhitaji kuifuta mojawapo.

Siku zile zile za mwisho wa Aprili 1994, Waafrika Kusini walikuwa kwenye foleni ndefu wakipiga kura. Uchaguzi wao wa kwanza wa watu wa rangi zote ulianza tarehe 26 Aprili. Wakati mzee wa Soweto akishika karatasi ya kura kwa mara ya kwanza maishani mwake, mkimbizi wa Shangi alikuwa akisubiri nyuma ya mlango wa kanisa. Suratu Aal-Imran, baada ya majeraha ya Uhud, inatuambia kwamba siku hizi huzungushwa baina ya watu. Siku moja inaweza kuwa ya ukombozi kwa huyu na ya maangamizi kwa yule, na jua linalowaangazia ni hilo hilo moja.

Furaha na msiba katika tarehe moja

Sasa swali linaloniumiza kichwa zaidi kuliko lile la siri: tarehe moja ikibeba mambo mawili, moja la furaha na moja la msiba, mimi nina wajibu gani?

Umma wetu umelijua swali hili tangu karne ya kwanza. Mtume alipofika Madina aliwakuta Mayahudi wakifunga siku ya Ashura kwa kushukuru kuokolewa kwa Nabii Musa. Akasema sisi tuna haki zaidi kwa Musa, akaifunga na akaamrisha ifungwe. Kisha tarehe 10 Muharram mwaka 61 Hijria, mjukuu wake, Husein (r.a.), aliuawa Karbala. Tarehe ya shukrani ikawa pia tarehe ya msiba. Baada ya hapo walitokea watu walioifanya siku ya maombolezo matupu, na wengine, kwa kuwakomoa hao, wakaifanya siku ya kujipamba na kula vizuri. Ibn Taymiyya aliandika akizikosoa pande zote mbili. Funzo ninalolipata hapo ni kwamba shukrani ya Musa haihitaji nisahau damu ya Husein. Anayefunga Ashura anaweza kufunga huku moyo ukimuuma.

Nasi tulijaribiwa hivyo hivyo mwaka 2024. Idd-ul-Fitr iliangukia tarehe 10 Aprili, siku ya nne ya wiki ya maombolezo. Baadhi ya vijana wenzangu walinung'unika: Idd ni haki yetu, kwa nini tufurahi kwa kunong'ona? Wengine walisema ni aibu kuvaa kanzu mpya siku kama hizo. Kwetu tuliswali, tukapeana mikono, tukapika pilau, na sahani zikatoka kwenda kwa majirani kama mwaka wowote. Spika hazikufunguliwa. Hakuna nguzo ya Idd iliyopungua kwa hilo. Kilichopungua ni kelele, na kelele haijawahi kuwa ibada.

Wapo wanaosema kwamba kukumbuka kila mwaka ni bid'a, basi heri kukaa chumbani tarehe 7. Wanazuoni wametufundisha kutofautisha ibada na ada. Hakuna anayedai kwamba mkutano wa kijijini ni swala au kwamba una thawabu maalumu ya tarehe. Ni kukaa na jirani aliyefiwa, na kumpa pole aliyefiwa ni katika adabu zetu. Musa mwenyewe aliamrishwa awakumbushe watu wake siku za Mwenyezi Mungu, na katika siku hizo zilikuwemo za mateso chini ya Firauni.

Jirani yetu mmoja, mama aliyenusurika, aliwahi kuniambia maneno ambayo nimeyahifadhi. "Mwanangu, tarehe saba ni ya nchi nzima. Mimi yangu ni thelathini." Watu wake waliishia Mibirizi. Nilimuuliza kama hata saba inamsaidia. Akasema inamsaidia, kwa kuwa siku hiyo watu hawamwoni kuwa ni mtu anayelia peke yake bila sababu. Ikifika thelathini, wengi wamekwisha rudi kwenye shughuli zao. Akaongeza kwamba watu humuuliza zaidi habari za siku kuliko majina ya ndugu zake. Kisha akanitajia majina. Yalikuwa saba.

Ndugu zangu wanafunzi, tarehe haina hatia wala siri. Ni mahali ambapo watu wamekubaliana kukutana, na wanaokutana hapo ni wengi: Mtanzania na Karume wake, mwanamke wa Msumbiji na Josina wake, mama wa Gitambi na saba zake. Hakuna msiba unaomfukuza mwenzake. Ujumbe ule ukipita tena Aprili ijayo, badala ya kuusambaza, nenda kwenye mkutano wa mtaani kwako au wa chuoni, ukae mpaka mwisho. Kama una jirani aliyenusurika, muulize kwa adabu siku yake ni ipi, uiandike, na siku hiyo umpelekee salamu. Muulize majina, kama yuko tayari kuyataja. Na tukisoma habari za waliofungua milango, tusiulize tu walikuwa dini gani, bali tujiulize mlango wetu una komeo la namna gani leo, katika chumba cha bweni, pale mwenzetu anapotajwa vibaya kwa kabila lake au kwa asili yake.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliouawa, awape subira waliobaki, na atujaalie tuwe watu wa matendo. Wabillahi tawfiq.